Bega la Kushoto

Kulikuwa na mambo mawili yasiyofanywa nyumbani kwa Mama Mkubwa. La kwanza ni kukata karatasi kwa mkasi wa kitambaa. La pili ni kumtaja mdogo wake. Aliyefanya la kwanza alisemwa mpaka akakoma. Aliyefanya la pili hakuambiwa neno, ila Mama Mkubwa alianza kukanyaga cherehani kwa kasi, na mngurumo ukajaa chumba mpaka mzungumzaji akachoka mwenyewe, akaenda kuangalia kama maji ya chai yamechemka.

Sasa binti aliyekuja kwake likizo alikuwa mtoto wa huyo huyo mdogo asiyetajwa. Hata kusalimiana kulikuwa na kazi yake. "Shikamoo, Mama Mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Za huko?" Na hiyo "huko" ndiyo ilibeba kila kitu: nyumba, mama, paka na majirani. "Huko salama." Basi, yamekwisha, karibu mezani.

Kila mtu aliambiwa kwamba binti amekuja kupumzika. Uongo mtupu. Alikuwa chuoni akisoma mambo ya udongo, na mwaka unaofuata angevaa joho. Alikuwa amepiga moyo konde kwamba siku hiyo mama yake na Mama Mkubwa wangekaa ukumbini viti viwili vinavyogusana, wampigie vigelegele kwa pamoja. Hakuwahi kuwaona pamoja hata pichani. Alipoingia na mkoba wake alidhani kazi hiyo ilihitaji maneno matamu kidogo na subira. Likizo ilikuwa ukingoni, subira imebaki kiasi, na maneno matamu yote yameliwa na mngurumo wa cherehani.

Watu hugombania mashamba, nyumba, hata waume, na ukiwasikiliza unaelewa. Hawa wawili waligombania cherehani ya mkono. Tena mpaka leo ilikuwepo, juu ya kabati la Mama Mkubwa, imefungwa kwenye shuka kuukuu; inatiwa mafuta mara kwa mara na haishoni kitu. Walipokuwa wasichana walizunguka nayo nyumba kwa nyumba wakishonea watu. Mkubwa, kwa kuwa ndiye fundi, alishika furushi la vitambaa na mkasi. Mdogo alibeba cherehani begani, bega la kushoto, chuma kitupu. Wakifika mlangoni, mkubwa aliweka furushi chini, akanyoosha mikono yote miwili na kumtua mwenzake, maana ukijaribu kuishusha peke yako unaweza kuondoka na vidole pungufu vya mguu.

Halafu mdogo akapata mchumba, akasema akiolewa ataondoka na cherehani yake. Mkubwa akasema cherehani ni mkono wake wa kulia, haitoki. Wakajibizana wiki nzima, na siku ya mwisho mkubwa akatamka sentensi moja: "Wewe ulikuwa mbebaji tu. Fundi ni mimi."

Binti aliijua sentensi hiyo kuliko alivyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Mama yake aliirudia kila kifungo kilipokatika nyumbani, na kwa sababu yake hakushika sindano tena. Kifungo kimoja kikikatika, alikipeleka kwa fundi wa mtaani, akasubiri nje kama mgonjwa.

Ndipo yakaja maonyesho ya mavazi. Chama cha mafundi cherehani kilikodi ukumbi ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kila fundi aliyependa aliruhusiwa kuleta nguo za kubuni mwenyewe. Mama Mkubwa, aliyeshona sare za shule tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, alikaa wiki kadhaa akikata na kushona kimya kimya, akatoka na magauni manne ya rangi ya zambarau iliyoiva. Hakumwonyesha mtu mpaka yalipokwisha. Alipoyatundika ukutani alirudi nyuma, akakunja mikono, akayatazama kama mtu anayesubiri kukosolewa.

"Mazuri, Mama Mkubwa," binti alisema, na hakuwa anambembeleza.

"Mazuri yakiwa ukutani. Kesho kutwa watayashika watu nisiowajua, watayavuta kama wanavua soksi."

Hapo alikuwa na sababu. Mafundi hawakuruhusiwa nyuma ya pazia siku ya maonyesho. Mara iliyopita walijazana huko, wawili wakagombania kioo kimoja na wa tatu akakalia kijaluba cha pini, basi ikapitishwa kwamba fundi atakaa mbele na wageni na kushangilia kistaarabu. Kuvisha kungefanywa na watu wa kujitolea. Kujitolea ni neno tamu. Maana yake unasimama siku nzima, unapewa fulana isiyokutosha na kikombe cha chai.

"Nitakwenda mimi," binti alisema. "Yatashikwa na mikono unayoijua."

Mama Mkubwa alimgeuza viganja. "Mikono ya udongo," alisema, lakini alikuwa anatabasamu. Jioni ile alimfundisha kuvisha: zipu ishushwe mpaka mwisho, gauni likusanywe mikononi kama pete kubwa, anayevaa afunikwe uso kwa kitambaa chepesi ili poda isipake shingo ya nguo, halafu aingie, na wewe upandishe taratibu huku kidole kimoja kimetangulia ndani ya zipu ili kitambaa kisibanwe. Walirudia mpaka binti akaweza huku amefumba macho. Ilikuwa jioni nzuri kuliko zote za likizo ile. Binti aliona mlango umefunguka kidogo, akajaribu. "Mama naye alikuwa anasema..." Cherehani ikanguruma.

Siku ya mazoezi, chumba cha nyuma ya pazia kilikuwa stoo iliyofagiliwa haraka. Kulikuwa na kioo kirefu kilichoegemezwa kwenye marobota, bomba la chuma la kutundikia henga, meza ya pasi, na feni iliyopuliza upande mmoja tu. Msimamizi alikuwa mwanamke mfupi aliyechoma pini kwenye mkono wa blauzi yake mwenyewe, safu nzima, kama askari mwenye nishani. Alimuuliza kila mgeni anafanya kazi gani.

"Mwanafunzi. Nasoma udongo."

"Udongo upi?"

"Wote."

Kuanzia hapo hakuitwa jina jingine. Udongo lete pasi, Udongo shika hapa, Udongo usikanyage upindo wa mwenzako. Yeye aliona raha tu.

Magauni ya Mama Mkubwa yakavaliwa na wasichana wanne warefu, na shida ikaonekana pale pale. Yalikataa kukaa. Upande wa kulia yalibana, upande wa kushoto kitambaa kilitunga mkunjo chini ya shingo, na shingo yenyewe ikaegemea kama picha iliyotundikwa vibaya. Yule aliyevaa la mbele, ambaye siku za kawaida alikuwa msusi, alijaribu kujinyoosha. Mkunjo ukazidi.

Msimamizi alizunguka mara mbili, akabonyeza bega kwa kidole. "La kushoto limekatwa chini kuliko la kulia."

"Labda hili moja," Udongo alisema.

Wakayapima yote. Yote manne yalikuwa hivyo hivyo, kwa kiasi kile kile.

"Fundi mzuri," msimamizi alisema, na alisema kwa huruma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mshono wake sina la kusema. Lakini siwezi kumtoa mtu jukwaani amekaa upande. Watu watacheka, na watakayemcheka ni yeye. Chukua, mpelekee. Akiyanyoosha, kesho asubuhi niletee. Akishindwa, abaki mgeni wetu tu, akae mbele anywe soda."

Udongo alirudi nyumbani na magauni mkononi, moyo mzito. Aliyaeleza yote bila kupunguza. Mama Mkubwa hakukasirika. Alilaza gauni moja mezani, akalikunja katikati, bega juu ya bega, na kweli halikulingana. Akachukua la pili, la tatu, la nne. Alipomaliza alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa tena.

"Haiwezekani," alisema. "Sijawahi kukata upande maisha yangu."

"Ulimpima nani?"

"Sikumpima mtu. Sare nakata kwa namba za shule. Haya nilikata kwa kichwa tu, mkono ukawa unakwenda wenyewe."

Alisema hivyo akiwa ameshika gauni juu kwa mabega yake, na taa ilikuwa nyuma yake. Udongo alisogea karibu. Maana gauni lile, likiwa limening'inia hewani bila mtu ndani, alikuwa analijua. Kiuno kilikuwa juu kidogo, nyonga pana, na lile bega. Alikuwa ameliona bega lile kila asubuhi ya maisha yake likitoka mlangoni kwenda kazini, mkoba ukiteleza, mama yake akiurudisha, ukateleza tena, mpaka siku moja mama akahamishia mkoba kulia akasema basi, huku kumeshazoea kuangusha vitu.

"Mama Mkubwa," alisema. "Mwenye bega hili ni mama."

Alisubiri cherehani. Haikunguruma. Mama Mkubwa alishusha gauni polepole mpaka likalala mezani, akabaki ameliwekea viganja juu.

"Hatukuwa na sanamu ya kupimia," alisema mwishowe. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaeleza bei ya uzi. "Mafundi wa mjini walikuwa nazo, za mbao. Mimi nilikuwa naye. Nilimpandisha kwenye kigoda namchoma pini, analalamika, anataka kwenda kucheza. Kila nilichojifunza nilijifunzia mwilini mwake."

"Na bega?"

"Bega lilishuka kwa ile." Hakutazama juu ya kabati, lakini wote wawili walijua iko wapi. "Nikawa namkatia chini kidogo upande huo, nguo imkae. Baadaye hata sikufikiri."

Alichukua wembe wa kufumulia, akaufungua, akaushikiza kwenye mshono wa bega. Udongo aliona vidole vikitafuta uzi wa kwanza, vikaupata, vikakaa pale. Kazi yenyewe isingekuwa ngumu: afumue, ainue, ashone upya, magauni manne yangekuwa tayari kabla ya kulala. Mama Mkubwa alikunja wembe akaurudisha kwenye kopo la vifungo.

"Wakiyakataa, yarudi nyumbani," alisema. "Sare hazijaisha duniani."

Udongo hakulala vizuri. Alimwonea huruma, na chini ya huruma kulikuwa na hasira. Watu wawili wazima, mmoja amemkariri mwenzake mpaka kwenye vidole, mwingine anapeleka vifungo kwa fundi wa mtaani, na hakuna anayenyanyua simu. Asubuhi alibeba magauni yale yale, hayajaguswa, akaenda nayo mpaka juu ya duka la magodoro.

Msimamizi alilitazama la kwanza tu. "Hajanyoosha."

"Hayajapinda," Udongo alisema. "Yana mwenyewe. Mwenyewe hayupo, lakini najua anavyosimama. Nipe mtu mmoja na muda wa kunywa chai. Usiporidhika nayafunga mwenyewe kwenye mfuko."

Msimamizi alimkata jicho, lakini chai yenyewe alikuwa anaitaka. Akampa wasichana wote wanne. Udongo akawaambia wasimame kama mtu aliyebeba kitu kizito bega la kushoto. Mmoja akainama kama anaumwa tumbo. Wa pili akacheka, na kila alipojaribu tena akacheka zaidi. Wa tatu alisema alifundishwa miezi mingi kusimama wima na hayuko tayari kuharibiwa. Akabaki msusi.

"Kitu gani hasa?" msusi aliuliza. "Ndoo? Mtoto?"

"Cherehani ya mkono. Ya chuma."

"Naibebea wapi?"

"Nyumba kwa nyumba. Dada yako yuko mbele na furushi, anatembea haraka. Hutaki ajue umechoka."

Msusi alifikiri. Kazi yake ilikuwa kusimama siku nzima kichwani kwa watu, na uchovu wa kufichwa aliujua. Akapeleka uzito kwenye mguu wa kulia, akaacha bega la kushoto lishuke, shingo ikapanda kidogo upande wa pili kama watu wanavyofanya wakipisha mzigo. Akapiga hatua. Mkunjo ukapotea. Kitambaa kikaanguka kutoka begani mpaka kifundoni bila kusita popote, na msusi mwenyewe akageuka kujitazama kiooni.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. "Rudi," alisema. Msusi akarudi. "Tena." Alipomaliza kunywa alichomoa pini moja mkononi akaichomeka tena pale pale, bila sababu. "Hilo moja litatoka. Hayo mengine matatu funga mfukoni. Na huyu atoke wa mwisho, maana akitoka katikati atawafanya wenzake waonekane vijiti."

Mchana ukumbi ulijaa. Udongo alivisha watu aliowajua na asiowajua, akafunika nyuso, akapandisha zipu, akaokota kiatu kilichokimbilia chini ya meza ya pasi. Nguo za mafundi wengine zilitoka na kurudi, mashangilio yakija na kuondoka kila pazia lilipofunguliwa. Kupitia upenyo alimwona Mama Mkubwa safu ya mbele, amevaa kitenge chake cha heshima, mikono imefumbatana mapajani. Bado alitumaini kuyaona yake manne, na kila gauni lililotoka halikuwa lake. Akawa anazidi kuwa mdogo kitini. Udongo alitamani kutoka kumwambia asubiri, lakini sheria ni sheria, na msimamizi alikuwa na pini nyingi.

Zamu ya msusi ikafika. Udongo alikusanya gauni mikononi, akamfunika uso, akampandishia zipu, kidole mbele.

"Nimefika kwenye mlango wa mteja," msusi alinong'ona, "halafu?"

"Halafu unasubiri kutuliwa."

Pazia likafunguka. Msusi alitembea kwa mwendo wa mtu anayejitahidi asibaki nyuma, bega limeshuka, uso umetulia, na gauni la zambarau likamfuata kama lilizaliwa naye. Ukumbi haukushangilia. Ulitulia, watu wakaacha kupiga porojo na wengine waliokuwa wamesimama wakakaa. Udongo, jicho kwenye upenyo, alimwona mama yake. Alimwona kabla hajawa mama wa mtu, msichana aliyechoka na asiyetaka ijulikane, anakatisha ukumbi uliojaa wageni.

Msusi alifika ncha ya jukwaa, akasimama. Akasubiri.

Na Mama Mkubwa akanyanyuka. Hakuamua, mtu yeyote aliyemtazama aliona hakuamua. Alisogea hatua mbili mpaka ukingo wa jukwaa, akanyoosha mikono yote miwili juu, viganja wazi, kuelekea bega la kushoto la yule msichana, kupokea. Akabaki hivyo mbele ya watu wote, mikono hewani, haina kitu.

Msusi alikuwa mtu wa akili. Aliinama taratibu, akamwachia mzigo ambao haukuwepo, kisha akanyanyuka, na bega lake likapanda. Hapo ndipo mashangilio yalipoanza. Mama Mkubwa hakuyasikia. Alikuwa amekaa chini tena, analia waziwazi, na fundi wa kiti cha pili akimpigapiga mgongoni bila kujua kuna nini.

Watu walipopungua, Udongo alimkuta kwenye ngazi za nyuma, gauni limetundikwa kwenye henga karibu naye. Kitambaa cha kufunikia uso alikuwa amekitumia kufutia machozi, na poda ya watu wote ilikuwa imemkaa shavuni. Udongo aliketi. Hakusema kitu; kwa likizo nzima alikuwa amesema vya kutosha.

"Simu yako ina salio?" Mama Mkubwa aliuliza.

Udongo alibonyeza namba, akamkabidhi. Mlio ulikwenda mara kadhaa, kisha ikasikika sauti ya mama yake, ya haraka kama kawaida. "Haloo, mwanangu. Umeshakula?"

"Ni mimi," Mama Mkubwa alisema.

Kule upande wa pili redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo. Udongo aliyasikia yote mpaka mwisho.

"Dada," mama yake alisema.

"Nimeshona gauni. Watu wameliona leo." Mama Mkubwa alishika ukingo wa nguo, akaulainisha kwa kidole gumba. "Nilikata kwa kichwa tu. Kumbe nimekata la kwako. Na bega lako limo."

Redio ya jirani ikaanza wimbo.

"Langu limeshuka zaidi siku hizi," mama yake alisema, na sauti yake haikuwa ya haraka tena. "Hutaliweza."

Mama Mkubwa alilitazama gauni, bega lile alilolijua, la msichana wa zamani.

"Basi kwa kichwa sikuwezi tena," alisema. "Njoo nikupime." Alivuta pumzi. "Na ukija, usibebe kitu."